Kazi ya utafiti ambayo kunakili hakumfai mwanafunzi: mnaitungaje?

Mwalimu wa Eastlands: Walimu wenzangu, hamjambo. Ninafundisha kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu 43 kazi ya utafiti kuhusu uchafuzi wa Mto Nairobi: chanzo, athari na suluhisho. Nilipoketi kusahihisha, niliona kwamba insha 11 zilianza kwa sentensi moja, ile ya kwamba jina la mji huu linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na katika nne kati ya hizo mwandishi alinielekeza nitazame Mchoro wa 4 ilhali karatasini hamkuwa na mchoro hata mmoja. Niliwaita hao wanne. Hakuna aliyekana, na mmoja aliniambia, macho yake yakiwa sakafuni, kwamba alilipa shilingi 50 saiba, yaani duka la intaneti, wakamchapishia, na kwamba alidhani kutafiti ndiko huko. Jibu lile limeninyima usingizi, kwa sababu sikumbuki siku niliyomfundisha maana nyingine. Sitafuti adhabu kali zaidi. Nauliza jinsi ya kuitunga kazi yenyewe.

Mhadhiri, Parklands: Pole, Mwalimu. Naona tatizo limeanzia kwenye swali. "Chanzo, athari na suluhisho" limekwisha kujibiwa na watu wengi mno. Mwanafunzi akilitafuta kwenye intaneti hupata jibu lililopangwa kwa vichwa vilevile ulivyompa, na programu za akili unde humwandikia jibu hilo kabla chai yake haijapoa. Lifinye swali hadi liwe la mahali fulani na siku fulani. Mto huo hutoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita Museum Hill, ukafika Gikomba. Mwanafunzi na asimame mahali pawili, aandike rangi ya maji, harufu, kinachoelea na saa aliyokiona, kisha atafute maandishi mawili kuhusu mto huo na aonyeshe ni wapi yanaafikiana na alichokiona na ni wapi yanapingana nacho. Kazi ya namna hiyo humlazimisha kuyahoji maandishi ya wengine, na anayeyahoji hana budi kuyataja. Tena usipokee kila kitu siku moja. Mimi hutoa alama 15 kati ya 30 kwa swali, daftari na rasimu, kabla sijaiona insha iliyokamilika, na huwaomba wanafunzi wasitupe karatasi zenye makosa yaliyokatwakatwa.

Mwalimu wa Kayole: Nakubaliana na Mhadhiri kuhusu swali, lakini daftari nalo hubuniwa, na sisi wenye madarasa ya wanafunzi 60 hatuwezi kusoma rasimu zote. Mimi huziangalia kijuujuu, halafu humwita kila mmoja kwa dakika tatu wengine wakiendelea na zoezi. Huchagua sentensi moja ndani ya insha yake nikamwomba anieleze alivyoipata. Aliyeiandika hueleza hata asiloulizwa. Kwa darasa zima ni saa tatu, nami huzigawa katika vipindi vya juma moja. Jambo jingine, tafadhali: msiwatume watoto mtoni peke yao, hasa wasichana. Waende kwa makundi, na mwalimu awepo.

Mkutubi: Naomba kuongeza jambo linaloniuma. Wengi hunakili kwa kuwa hatujawaonyesha njia nyingine, na wanaoandika kwa Kiswahili wana mtego wao: hutafsiri aya ya Kiingereza neno kwa neno, wakaamini ni yao kwa sababu maneno yamebadilika. Niliwahi kusoma insha iliyosema kwamba viwanda huota mizizi kando ya mto, kwani neno moja la Kiingereza humaanisha mmea na pia kiwanda. Programu ya kulinganisha maandishi huenda isilione hilo, maana kazi yake ni kuonyesha mfanano, wala si kuhukumu wizi. Zoezi ninalolipenda huchukua kipindi kimoja: wote wasome aya moja, wafunge kitabu, waandike walichokielewa, kisha wakifungue na kulinganisha. Baada ya hapo wafundishwe kunukuu. Wanafunzi wako, Mwalimu, hawahitaji kufika mjini, kwa sababu Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara. Waagize walete jina la kitabu, ukurasa, na sentensi moja ya kueleza kwa nini walikichagua.

Mwalimu wa Eastlands: Nawashukuru sana. Muhula huu nitaanza na zoezi la kufunga kitabu, kisha nitawapeleka Gikomba kwa makundi manne, siku mbili tofauti, asubuhi. Insha haitazidi kurasa mbili, na dakika tatu za mazungumzo zitakuwa na alama 10. Yule kijana wa saiba ameomba awe mwandishi wa kundi lake. Nimemkubalia, na daftari nimempa leo.