Omanyala ana 9.77, mbona Olimpiki hajafika fainali?

Msomaji_Tanga: Wakuu, naomba ufafanuzi. Ferdinand Omanyala anashikilia rekodi ya Afrika ya mita 100, sekunde 9.77, tangu Septemba 2021 uwanja wa Kasarani, Nairobi. Juni 2024 akapiga 9.79 uwanja wa Nyayo, Nairobi pia, kwenye mchujo wa kitaifa. Kufika Olimpiki ya Paris, katoka nusu fainali kwa 10.08. Ni presha, au muda wa Nairobi una walakini? Na mbona Wakenya bado wanampenda vile?

Saa_ya_Mkono: Muda ni halali, ila usiusome bila upepo na mwinuko. Ile 9.77 ilisukumwa na upepo wa nyuma wa +1.2 (mita kwa sekunde), ile 9.79 +1.5; mwisho unaoruhusiwa kwa rekodi ni +2.0. Halafu Nairobi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mwili haupambani nayo sana. Sheria haikatai rekodi za huko, ila matokeo ya juu ya mita 1,000 huwekewa herufi A. Ukitaka kumpima vizuri tazama Monaco, Julai 2023: alishinda kwa 9.92 pembeni ya bahari. Sasa fainali ya Paris, aliyeshika mkia alikimbia 9.91!

Bloku_na_Spaiki: Mkuu hapo juu kasema kweli, ongezea raundi. Nusu fainali ni makundi matatu. Wanapita wawili wa kwanza kila kundi, pamoja na wawili wenye muda bora kati ya waliobaki. Hakuna nafasi ya kuchelewa kutoka kwenye bloku, vile vibao vya kuanzia, na huwezi kubahatisha mlio wa kuanza pia, maana ukiondoka kabla ya sekunde 0.100 kupita baada ya mlio unatolewa. Presha siioni kama jibu. Mashindano ya dunia Oregon 2022 viza ilichelewa, akatua saa chache tu kabla ya mchujo, na bado akafika nusu fainali. Ya Budapest 2023 alicheza fainali kabisa, akawa wa saba kwa 10.07.

Mwana_Mvita: Kuhusu kupendwa: Kenya dhahabu za mita 800 hadi marathoni imezizoea, za mita 100 hapana. Aliposhinda Birmingham 2022, Jumuiya ya Madola, kwa 10.02, ilikuwa miaka 60 tangu Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, ashinde yadi 100 na 220 kule Perth 1962. Vijana wengi hata jina la Antao hawakuwahi kulisikia. Wapo wanaomkumbusha Omanyala adhabu ya miezi 14 ya mwaka 2017 kwa betamethasoni, dawa iliyokatazwa michezoni, ambayo yeye alieleza ilitokana na sindano ya mgongo. Aliitumikia, akarudi, na kasi yote hiyo mnayoibishania ni ya baada ya hapo.

Msomaji_Tanga: Shukrani wakuu. Kumbe nilikuwa nalinganisha Kasarani na Paris bila kuangalia ile A.