Elfu mbili! Mteja amenitia elfu mbili mfukoni mbele ya mama mwenye nyumba

Ndugu zangu madalali, naandika nikiwa bado natetemeka. Mteja wangu wa siku kumi na moja, yule yule mnayemjua nyote, mwenye simu mbili na kofia nyeupe, ambaye hakuna dalali kati ya Mwenge na Tabata asiyewahi kuzunguka naye, leo saa nne asubuhi amenitumbukizia noti ya shilingi 2,000 kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko kama anayembembeleza mtoto, kisha akasema mbele ya mama mwenye nyumba: "Chukua ya maji, kijana wangu. Mimi na mama tutamalizana wenyewe."

Elfu mbili! Simba wa kwenye noti akawa anachungulia nje ya mfuko, mama mwenye nyumba anamtazama, fundi rangi juu ya ngazi anamtazama, nami nimesimama na funguo mkononi.

Wala asiseme hakuelezwa. Siku ya kwanza nilikaa naye kwa mama ntilie, nikamwandikia kwenye karatasi kwamba kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo, udalali ni kodi ya mwezi mmoja, na bajeti yake ya laki mbili na nusu kwa Sinza itampa chumba, sebule na choo cha ndani, basi. Akaitikia. Kesho yake akataka vyumba vitatu, uzio, mita ya umeme ya LUKU ya peke yake, maji yasiyokatika, na kituo cha mwendokasi kiwe jirani lakini mlio wa basi usimfikie. Kimara akasema mlima. Tabata akasema mbu. Kijitonyama akasema jirani anafuga jogoo. Ningempeleka peponi angeuliza kama gari linapata pa kugeuzia. Nyumba tisa, nauli ya bodaboda yangu, na kila usiku saa tano ananipigia kuuliza kama bei imeshuka, nami kila usiku namjibu kwamba haijashuka na haitashuka.

Leo amesimama kwenye chumba na sebule ya Sinza, kipimo kile kile nilichomwandikia, ameipenda mpaka akapapasa vigae vya chooni, na malipo yangu ni ya maji. Kijana wangu! Nina watoto watatu. Aliupigapiga mfuko, jamani.

Dalali wa Tabata: Pole, ndugu yangu. Mimi hakuniachia hata hiyo elfu mbili, kwa hiyo wewe umependelewa. Lakini ulimkutanishaje na mwenye nyumba kabla hajasaini makubaliano ya udalali? Hilo ni kosa la dalali wa wiki ya kwanza.

Mpangaji wa Ubungo: Na zile elfu kumi mnazotutoza kwa kuonyeshwa tu, mbona hamzifungulii uzi? Nililipa nikapelekwa kwenye nyumba iliyosemwa iko wazi, nikamkuta mtu ndani anakaanga samaki.

Mleta uzi: Mimi sikumtoza hata senti ya kuonyeshwa. Narudia, aliupigapiga mfuko.

Mama wa Sinza: Madalali mnaahidi visivyokuwepo. Mpangaji wangu aliambiwa kuna maegesho ya magari mawili, wakati uwanja wangu unatosha kamba moja ya kuanikia nguo, naye ananidai mimi.

Mpangaji wa Ubungo: Mama, nanyi wenye nyumba mna yenu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, anayenunua umeme ni mpangaji, mwenye jengo ni ninyi, na wangu hajawahi kunirudishia.

Mama wa Sinza: Mimi huipunguza kwenye kodi ya nyumba kila miezi sita. Mdai mwenye nyumba wako, usinidai mimi.

Mkazi wa Manzese: Afadhali ninyi. Sisi tuko wapangaji sita kwenye LUKU moja, na wa chumba cha mbele ana majokofu mawili ya kuuzia barafu. Kodi hiyo ya jengo tuigaweje, kwa vichwa au kwa majokofu?

Dalali wa Tabata: Kwa majokofu.