Moon Tiger ya Penelope Lively, mbona wakati unarukaruka hivi?

Wakuu naisoma riwaya ya Moon Tiger, ile iliyopata tuzo ya Booker 1987, mhusika mkuu Claudia yuko hospitali anakaribia kufa halafu ghafla tuko Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na tukio lilelile linasimuliwa mara mbili, nakosea wapi?

— Hukosei mkuu, kumbukumbu ndo zilivyo, hazipangi foleni. Na kila aliyekuwepo anakumbuka lake, ndo maana linarudiwa.

— Angalia jina lenyewe la kitabu, Moon Tiger ni ile dawa ya mbu ya kijani ya mzunguko, inawaka usiku pembeni ya kitanda cha Claudia na mpenzi wake Tom, majivu yanadondoka taratibu. Mi hapo nililia kabisa.

— Lively kazaliwa Cairo 1933, Misri ile anaijua. Rudia polepole.