Malalamiko: Shule yetu hapa Moshi imeuziwa midoli kwa jina la ndege nyuki za kufundishia programu

Ndugu wanajamvi, habari za jioni.

Nimesubiri siku tatu kabla ya kuandika, nikihofia kuandika maneno ambayo ningeyajutia, lakini hasira haijapungua. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Moshi. Mwaka jana wazazi wa kidato cha pili walikubali kuchanga shilingi 20,000 kila mmoja ili tununue ndege nyuki za kufundishia uandishi wa programu, na aliyesimama kikaoni kuwashawishi ni mimi mwenyewe. Jumatatu iliyopita niliitwa ofisini kupokea mzigo. Nilikuta maboksi sita yenye picha ya ndege inayopaa juu ya ufukwe, pamoja na maandishi makubwa ya kuisifu kamera. Kati ya ndege hizo sita hakuna hata moja inayoweza kupokea programu kutoka kwenye kompyuta.

Nilikwenda dukani siku hiyo hiyo. Muuzaji alinipokea kwa bashasha akaniambia, "Mwalimu wangu, mbona hii ni ya kisasa kabisa, unachora njia kwenye simu kwa kidole nayo inaifuata." Ni kweli inaifuata, nami sikatai. Lakini mtoto anayeburuza kidole kwenye kioo hajaandika sharti, hajaandika marudio, wala hana kigeu (thamani yenye jina ndani ya programu) cha kubadilisha ili aone kitakachotokea. Huo ni uchoraji, na kwa uchoraji tunayo madaftari.

Nilichokuwa nimekiandaa ni somo dogo sana. Mwanafunzi anaandika amri ya kupaa, kisha anaandika kwenda mbele sentimeta 100 na kugeuka nyuzi 90, na mambo hayo mawili yarudiwe mara nne, halafu ndege itue. Kwenye karatasi huo ni mraba. Hewani ndege haitui pale ilipoondokea, bali hupungukiwa kidogo au hupitiliza, na hapo ndipo darasa linapochangamka, kwa sababu sasa wanafunzi wanapaswa kujibizana iwapo kosa liko kwenye programu yao, kwenye upepo wa dirishani au kwenye sakafu. Rimoti ya vidole gumba haiwezi kuzua mjadala wa namna hiyo hata ukiishika mwaka mzima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliandika sifa za kifaa kwenye nusu ukurasa na kuikabidhi kamati ya manunuzi kwa mkono wangu. Nilieleza kwamba ndege iwe inakubali lugha mbili za programu, Scratch ya kupanga vipande vya amri kwa wanaoanza na Python ya kuandika kwa maneno kwa waliokwisha kuzoea, na nilitaja mifano. Nilitaja Tello EDU, yenye uzito wa takribani gramu 87, nikaonya kwamba isichanganywe na Tello ya kawaida inayofanana nayo kwa sura. Zote mbili hutengeneza waifai yake yenyewe, kwa hiyo kompyuta inayojiunga nayo huachana na intaneti, lakini ile ya EDU inaweza pia kuunganishwa kwenye ruta, na hivyo kompyuta moja ikaamuru ndege kadhaa kwa pamoja. Nilitaja pia CoDrone EDU, ambayo kompyuta huwasiliana nayo kupitia rimoti iliyochomekwa kwa waya wa USB, jambo linalofaa sana kwa maabara yetu. Niliwasihi wasinunue Parrot Mambo iliyotumika hata ikipatikana kwa bei ya kutupa, maana Parrot ya Ufaransa iliacha kuitengeneza mwaka 2019 na betri zake utazitafuta kwa kubahatisha. Karatasi hiyo niliikuta Jumatatu chini ya faili la mahudhurio, haijaguswa. Mjumbe mmoja alinijibu bila aibu kwamba walichagua yenye kamera nzuri kwa bei nafuu. Kamera ya nini ndani ya darasa? Tuupige picha mwembe ulio nyuma ya maabara?

Hata suala la betri halikuzingatiwa. Tello hukaa hewani dakika 13 kwa makadirio ya mtengenezaji, tena mahali pasipo upepo, na betri iliyoisha huhitaji zaidi ya saa moja kujaa. Kipindi chetu ni dakika 40. Ndiyo maana niliomba betri tatu kwa kila ndege, yaani 18 kwa jumla, pamoja na vikinga vya mapanga, kwa kuwa wanafunzi 48 katika chumba kimoja watakaa karibu mno na mapanga yanayozunguka. Hivi tulivyoletewa vina betri moja moja.

Sakafu nilishaitafutia ufumbuzi. Saruji yetu nyekundu imesuguliwa hadi inang'aa, na ndege zinazojiweka sawa kwa kamera ya chini huyumba juu ya sakafu isiyo na alama. Nilipanga kutandika mikeka yenye michoro, si kanga, kwa sababu kanga hupeperushwa na upepo wa mapanga. Mikeka hiyo niliinunua kwa fedha yangu, nayo iko stoo imekunjwa.

Kuna pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia ndege nyuki nchini. Nilipomuuliza muuzaji iwapo aliwahi kuwaeleza wanunuzi habari za usajili na vibali, alicheka akasema hizi ni za watoto. Basi kama ni za watoto kuchezea, kwa nini kwenye ankara ameandika "vifaa vya kufundishia programu"?

Ankara hiyo ninayo nakala yake, na ndiyo nitakayoiweka mezani kwenye kikao cha Jumamosi, nikidai mzigo urudishwe na fedha za wazazi zirejeshwe zote. Naomba waliowahi kurejesha vifaa vya shule dukani kwa kutolingana na ankara, hapa Moshi au Arusha, wanieleze walianzia kwa nani. Nimefungua boksi moja tu ili kujiridhisha. Matano yaliyobaki yamo kabatini kwangu, stika zake hazijabanduliwa, na ufunguo ninatembea nao.