Naomba ushauri: Kwenye usaili wa ufundi wa malori niliulizwa kuhusu mume

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi wa magari makubwa, nimesoma VETA na nimefanya kazi gereji. Juzi niliitwa usaili kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar.

Wenzangu, wote wanaume, waliulizwa breki za upepo zinafanyaje kazi na klachi inarekebishwaje. Mimi niliulizwa kama nimeolewa, kama nategemea kuzaa karibuni, na kama nitaweza kubeba gia boksi. Jamani, gia boksi ya lori nani anaibeba? Inashushwa kwa jeki au winchi, hata hao wanaume hawaibebi. Swali la ufundi sikuulizwa hata moja. Jana nimeambiwa "wanatafuta mtu anayeendana na mazingira." Imeniuma sana.

Nimesoma kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kinakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na kinamlinda hata mwombaji wa kazi. Lakini sina maandishi yoyote, ushahidi wangu ni wale tuliosailiwa pamoja, nao wanatafuta kazi kama mimi.

Niwaandikie kwanza barua kuomba sababu, au niende moja kwa moja CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi)? Na mafundi wa kike mliopo humu, mkiulizwa habari za mume na watoto mnajibuje bila kujiharibia?

Natanguliza shukrani.