MJADALA: Saad Eddin Ibrahim alifungwa kwa pesa za Ulaya au kwa kalamu yake?

Kibatari: Mwanasosholojia wa Misri, marehemu tangu 2023. Serikali ilisema kapokea fedha za Umoja wa Ulaya bila kibali. Kisingizio! Juni 2000 Hafez al-Assad, rais wa Syria, kafa, mtoto wake anapandishwa kitini, jamaa akaandika kwamba Misri nayo inaelekea huko. Kabla Julai haijaingia, keshakamatwa.

Mchokonozi: Amri ya kijeshi namba 4 ya 1992 ilikuwa wazi: kibali kwanza, pesa baadaye. Halafu kituo chake cha utafiti, Ibn Khaldun, alikisajili kama kampuni ili akwepe sheria ya vyama vya kiraia. Msomi mzima!

Kibatari: Kila mwenye akili alisajili hivyo, kwa sababu sheria ile ya 1964 ilimpa waziri uwezo wa kukuvunjia chama. Na Tume ya Ulaya, mwenye pesa, haikulalamika kuibiwa.

Bi Ukindu: Mmesahau neno lenyewe alilotuachia, *jumlukiya*: jumhuriya (jamhuri) na malakiya (ufalme) kwenye chungu kimoja. Kwetu ingekuwa "jamfalme".

Mzee wa Ngeli: Jamfalme ni mtu, dada. Mfumo unadai u-: ujamfalme wa Misri.

Bi Ukindu: Jamhuri ina u- gani? Jamfalme ya Misri, kama jamhuri ya Misri. Usitufanye watoto wa darasa la tatu.

Mchokonozi: Tuache utani. Alitolewa na Marekani. Agosti 2002 Bush alizuia nyongeza ya msaada, dola milioni 130, na Machi 2003 mtu yuko huru. Paspoti ya Kimarekani si ilikuwa mfukoni?

Kibatari: Mkuu, hesabu miezi. Hukumu ya kwanza, miaka saba, Mei 2001. Mahakama ya juu ya rufaa ikaitengua Februari 2002, Bush hajafungua mdomo. Mahakama ya Usalama wa Dola ikampa saba tena Julai, ikatenguliwa tena Desemba. Mara ya tatu majaji wa rufaa wakaisikiliza wenyewe, wakamwachia.

Mzee wa Ngeli: Ufalme una u-. Jamfalme imeipoteza wapi?

Mchokonozi: Mwalimu wa Suzanne, mke wa Rais Hosni Mubarak, huyo, analia nini?

Bi Ukindu: Imeliwa na jamhuri, mzee, kama Misri ilivyotaka kuliwa na Gamal, mtoto wa Mubarak.

Mzee wa Ngeli: Basi wingi wake nipe.