Mrejesho: salio kwenye MATLAB sasa linabadilika

Wakuu, asanteni sana. Nina klasi (kiolezo) Akaunti kwenye MATLAB, lugha ya programu ya hesabu, na a ni objekti yake, yaani akaunti moja. Niliuliza kwa nini nikiandika a.weka(500) ili kuweka pesa, salio linabaki sifuri. Kumbe klasi ya MATLAB kwa kawaida ni ya thamani, hivyo mbinu (kazi iliyo ndani ya klasi, kama weka) hubadilisha nakala ya objekti tu. Ama uandike a = a.weka(500) na mbinu irudishe objekti, ama uanze na classdef Akaunti < handle. Nimechagua handle, ambayo huelekeza kwenye objekti ileile bila kuinakili: sasa nikiandika b = a, pesa ninayoweka kupitia b inaonekana kwa a pia.

Ushauri ulionisaidia zaidi ni wa wateja wengi. Badala ya objekti moja kwa kila mteja, nina klasi Benki yenye vekta (orodha ya namba) ya masalio. Riba yote ni mstari mmoja, masalio.* (1 + riba), bila kitanzi cha kurudia hesabu kwa kila mteja. Sasa naingia kwenye urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa za nyingine.